Kompresa, Geti na Jina la Mkwe

Jumatatu, 23 Machi 1998

Mvua. Mvua tena. Redioni wanaiita Elinino na kuizungumzia kama mgeni wa taifa. Sisi wa Tukuyu tunaiita Machi.

Nimesikiliza upya kaseti ya kwaya ya Kisondela niliyorekodi wiki iliyopita. Aibu! Wanaume wa besi wakipaza, mshale wa kipimo cha sauti unaruka hadi kwenye nyekundu na utepe unakwaruza. Dada yangu Esnath akianza kuongoza peke yake, kinachosikika ni mabati. Nimetandaza majani makavu ya migomba juu ya dari ya studio. Nimetundika magodoro ukutani. (Felista, mke wangu, anauliza sisi tutalalia nini.) Haisaidii. Mvua ya hapa haiogopi godoro.

Fahadi, mwenye duka la kaseti pale stendi, aliomba kusikiliza. Nikampa kwa moyo mweupe. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa adabu kabisa mvua inaimba sauti ya ngapi.

Fahadi kazi yake ni kunakili. Ana madeki ya kaseti yamepangana kama mikate. Mimi natengeneza. Tofauti ni kubwa, ila wateja bado hawajaiona.

Lazima kaseti iwe tayari kabla ya Pasaka. Jacob, mwalimu wa kwaya, ameahidi kwamba ikitoka vizuri ataipeleka mwenyewe kwenye ile redio mpya ya Mbeya. Siku hizi redio si ya serikali peke yake. Kila mtu ameruhusiwa kusikika! Basi na mimi nisikike.

Dawa ipo: kompresa. Fundi wa bendi moja ya dansi iliyopita hapa alinieleza. Ni kifaa kinachosimama kati ya maikrofoni na utepe kama mwalimu wa zamu. Anayepiga kelele kinamkandamiza. Anayenong'ona kinamwinua. Wote wanatoka sawa. Haki tupu! Nimemwagiza Asajile, anayefuata bidhaa Tunduma. Amechukua baiskeli yangu kuwa malipo. Felista akauliza Kisondela nitakwenda na nini. Nikamjibu kwamba watu wakubwa wote wanapenda kutembea.

Alhamisi, 26 Machi

Asajile amerudi. Lori lilisimama mbele ya nyumba, wanaume wanne wakashusha kompresa.

Wanne!

Ina mtungi mwekundu. Ina mpira mrefu mweusi. Ni kompresa ya kujazia matairi upepo.

Nikamwambia Asajile hii siyo. Akaja juu. Akasema nilitamka kompresa, wote waliokuwepo walisikia kompresa, na hii ni kompresa, tena ya Mjapani, na kama nina wasiwasi alete tairi. Mtaa mzima ulikuwa umetoka kutazama. Jirani aliuliza kama mimi ndiye nitakayeimba au mtungi.

Kisha Fahadi akaja na baiskeli. Baiskeli yangu! Aliinunua kwa Asajile kabla hajakwenda Tunduma. Aliniomba, kwa kuwa nipo tayari, nimjazie gurudumu la nyuma. Nikajaza. Ningefanyaje, watu walikuwa wanatazama.

Mwishowe Asajile amekubali kuurudisha mtungi wake na kuniletea kingine. Nimemchorea picha. Sanduku bapa, jeusi, vifungo vya kuzungusha, taa ndogo ndogo. Chini nikaandika kwa herufi kubwa: HALITOI UPEPO.

Jumatatu, 30 Machi

Limefika! Bapa, jeusi, zito kama Biblia mbili. Kitabu cha maelekezo ni cha Kijerumani. Si kitu. Nina akili zangu.

Kumbe ndani yake kuna mashine mbili. Upande mmoja kompresa. Upande wa pili geti. Geti lina kizingiti, na kizingiti chenyewe unakipandisha au kukishusha kwa kidole. Sauti yenye nguvu inavuka, geti linafunguka. Sauti dhaifu, kama mvua au kikohozi cha jirani, inabaki nje. Nilijaribu kwa sauti yangu mwenyewe. Geti lilinifungia nje mara kadhaa. Linahitaji kunizoea.

Halafu kompresa. Nikaweka maikrofoni mlangoni, nikamwomba Felista aseme chochote kutoka jikoni. Akasema viazi vimekwisha. Mshale ukatulia vizuri. Kisha akaendelea kwa sauti ya chini, kama afanyavyo akidhani nimeondoka. Kompresa ikamwinua. Kwenye hedifoni nikasikia wazi: mwanaume mzima, anaongea na sanduku.

Furaha niliyoipata! Neno kama hilo zamani lingepotea.

Nimekaa nikilifikiria jambo hili jioni yote. Felista akikasirika kweli hapazi sauti. Anaishusha. Miaka yote ya ndoa nimekuwa nikimdhania mpole. Ni maneno mangapi yamepita chini ya kizingiti changu? Swali zito. Nikaenda kumweleza. Alinisikiliza, akasema viazi bado havijanunuliwa.

Jumatano, 1 Aprili

Kwaya imekuja kwa miguu kutoka Kisondela, wamejifunika majani ya migomba. Studio ilijaa mvuke wa makoti. Nimerekodi kwanza kwenye utepe mbichi, bila kupitisha kwenye sanduku, kama fundi alivyonielekeza. Kusafisha ni baadaye.

Wimbo wao mkubwa ni wa Abrahamu anapoitwa kuacha nchi yake. Esnath anaongoza: "Abrahamu, Abrahamu, inuka, ondoka nyumbani kwako!" Wengine wanamjibu. Wimbo mzuri mno. Ila pana shida, na shida yenyewe ni ya kwetu.

Baba mkwe wake Esnath anaitwa Mzee Abrahamu.

Mwanamke wa Kinyakyusa aliyelelewa vizuri hamtazami baba mkwe usoni wala hataji jina lake. Tunaita kutila, ndiyo heshima yenyewe. Mzee akipita njiani, Esnath anaingia migombani hadi apite. Nyumba ya mzee hajawahi kuvuka kizingiti chake. Wasichana wa mjini siku hizi wanapeana mikono na wakwe zao, lakini Kisondela si mjini na Mzee Abrahamu si wa siku hizi. Mume wa Esnath yuko Chunya kwenye dhahabu. Amani yake yote pale ukweni inamtegemea yule mzee, na mzee alimruhusu kuimba kwa sababu tu heshima yake haina doa.

Sasa anafanyaje na wimbo? Neno la Mungu halirukwi. Jina la mkwe halitajwi. Basi akifika hapo anashusha sauti mpaka inabaki pumzi, kisha anapanda tena kwa nguvu kwenye "inuka". Kwaya imezoea. Jacob anasema kila mtu analisikia jina moyoni mwake.

Walipoondoka nikapitisha utepe kwenye geti. Mvua ikapotea. Muujiza! Lakini na jina likapotea. Kimya, kimya, kisha: "Inuka, ondoka nyumbani kwako!" Kama kaseti mbovu. Nikamwona Fahadi akilini mwangu akicheka.

Nikazima geti. Nikaipandisha kompresa hadi mwisho. Besi zikainama. Mvua ikawa nzito, nikaipunguza kwa vifungo vya miksa. Na pale chini kabisa, lile jina likaanza kuja juu. "Abrahamu." Wazi, na pumzi yake, kama mtu ameliimba shavuni kwangu. Sijawahi kusikia sauti ya dada yangu namna ile. Nikalia. Ndiyo, nililia, mwenye kucheka acheke.

Felista aliingia na chai, akasikia, akasimama. Aliniambia hilo jina halikai kinywani mwa Esnath. Nikamweleza kwamba huyu ni Abrahamu wa Biblia. Akasema "haya". Alilisema chini sana.

Jumamosi, 4 Aprili

Ushindi! Ushindi mkubwa!

Fahadi mwenyewe ameikubali kaseti. Alisema sauti ya Esnath inamsimamisha mtu nywele. Akaipiga kwenye spika zake stendi saa ya watu wengi, gulio limejaa, malori ya ndizi yanapakia. Nilisimama pembeni, nimevaa koti.

Ikatoka: "Abrahamu! Abrahamu! Inuka, ondoka nyumbani kwako!"

Na ona bahati! Mzee Abrahamu alikuwa pale pale, anapakiza mikungu yake. Alisimama ghafla. Akavua kofia. Akaivaa tena. Wapagazi wote wakamgeukia, wanamjua. Mama mmoja mtu mzima, muuza maharage, akajifunika mdomo kwa kanga akasema, "Mwe!" Kisha mzee akaondoka kwa miguu, akaiacha mikungu yake chini kwenye matope.

Sijawahi kuona mtu aliyeguswa na muziki kiasi kile. Nimemwambia Felista kila kitu. Aliacha kumenya viazi. Akakaa chini.

Jumapili, 5 Aprili. Siku ya Matawi

Sikuelewa. Sasa nimeelewa.

Esnath yuko jikoni kwetu. Amekuja tangu asubuhi na kitenge chake kimoja ndani ya kikapu. Hakuimba leo. Jacob alipita baada ya ibada kusema kwaya ilijikokota bila yeye, wimbo wa Abrahamu hawakuugusa, na Mzee Abrahamu alikaa kiti cha mbele akitazama madhabahu tu. Hajamkemea Esnath. Hajamfukuza. Hajasema lolote kwa yeyote. Angefoka tungejua pa kuanzia. Watoto wa Esnath wamekwisha kuambiwa kwamba mama yao alimwita babu yao stendi na kumwamuru ahame.

Nilimweleza Esnath habari za kompresa, kwamba haikuwa nia yangu, kwamba sanduku halijui Kinyakyusa. Alinisikiliza ametazama moto. Kisha akasema, "Kaka, mimi sikulitamka. Wewe ndiye uliyelitamka kwa mdomo wangu."

Nimetoka nje nikasimama kwenye mvua.

Nimekuwa nikifikiri sauti ya chini ni sauti iliyoshindwa. Mtu anasema chini kwa sababu hana pumzi, au anaogopa, au yuko mbali na maikrofoni. Esnath ana pumzi ya kuitikisa milima hii. Ile sauti ya chini aliijenga mwenyewe, kila Jumapili, kwa uangalifu, kama mtu anayepita na maji kichwani kwenye utelezi. Mimi nikaja na kifungo.

Nina huzuni kubwa. Asipopokewa, Pasaka itamkuta kwenye viazi vyangu, na baada ya hapo sijui. Mume wake atarudi toka Chunya akute nini?

Lakini nina mpango. Geti!

Jumanne, 7 Aprili

Nitaandika yote jinsi yalivyokuwa.

Mpango: kutengeneza kaseti mpya yenye geti, jina lisisikike hata kidogo, kisha kumpelekea Mzee Abrahamu athibitishe kwa masikio yake kwamba mkwe wake hakumtaja. Safi. Nikaondoka na redio kaseti begani. Felista akasema anakuja. Nikamwambia ni mambo ya ufundi. Akajifunga kanga, akachukua kikapu chake, akatangulia.

Njia ya Kisondela ilikuwa utelezi mtupu. Fahadi alitupita akiteremka juu ya baiskeli yangu, anapeleka nyama ya Idd kwa rafiki zake. Alitupigia kengele. Kengele ile niliifunga mimi.

Mzee Abrahamu alitupokea barazani. Nikamwamkia, akaitikia. Tukaletewa ndizi za kuchemsha na maparachichi. Tukala. Kisha nikabonyeza.

Kwaya. Kimya. Kimya. "Inuka, ondoka nyumbani kwako!"

Mzee aliinamisha kichwa. Akaomba nirudie. Nikarudia kwa fahari. Kisha akasema taratibu, "Mwanangu, juzi nilifukuzwa kwa jina langu. Leo nafukuzwa bila hata jina. Kwani nimewakosea nini?"

Nikaanza kueleza kizingiti. Nikaeleza mshale, besi, na tofauti ya kompresa hii na ile ya upepo. Nilijisikia nikizidi kuzama. Mzee alikuwa akitazama migomba yake.

Felista akatia mkono kwenye kikapu. Akatoa utepe mbichi! Ule wa Jumatano, mchafu, wenye mvua yote, ambao nilikuwa nimeuficha nyuma ya debe nisiaibike. Akaniambia niuweke. Nikamnong'oneza kwamba haujasafishwa, utaniharibia jina. Akanong'ona kitu. Sikuhitaji kompresa kukielewa. Nikauweka.

Mabati yakaanza kunguruma kwenye redio, na mabati ya mzee yalikuwa yakinguruma vile vile juu yetu, hata usijue mvua ipi ni ya wapi. Besi wakaingia na kukwaruza. Mtu akakohoa. Mzee akasogeza kiti, akainama mpaka sikio likakaribia kugusa spika. Likafika lile jina. Lilipita chini ya mvua kama mtu anayepita nyuma ya nyumba ili asisumbue waliolala. Huwezi kuapa umelisikia. Huwezi kuapa hukulisikia. Kisha "Inuka!" kwa sauti yote aliyonayo.

Mzee alibaki ameinama hadi wimbo ukaisha. Macho yake yalikuwa na maji.

Felista akamwuliza kwa heshima, "Baba, umesikia nini?"

Akasema, "Nimesikia mvua. Mwambieni mama watoto arudi nyumbani."

Felista akashukuru, "Ndaga, baba." Nikasema na mimi.

Tulipoaga, mzee aliongeza kwamba kaseti itakayouzwa ni hiyo yenye mvua, si nyingine yoyote. Nikajaribu kumweleza kuhusu mshale kwenye nyekundu. Felista akanivuta mkono.

Jumatatu ya Pasaka, 13 Aprili

Esnath aliimba jana. Kanisa lilijaa hadi nje. Alipofika kwenye jina akashusha, kanisa zima likashusha pumzi pamoja naye, na Mzee Abrahamu kiti cha mbele alikuwa akitazama kiganja cha mkono wake kama mtu ambaye hakuna kitu chochote kinachomhusu. Kisha "Inuka!" Watu wakainuka kweli.

Kaseti yenye mvua inagombaniwa. Fahadi ananakili kutwa. Anasema watu wa Tukuyu walio Dar wanaiagiza kwa sababu ya mabati. Wanasema ndiyo sauti ya kwao. Aliniuliza kwa siri ni mashine gani inayotoa mvua nzuri namna ile. Nikamwambia siri ya fani. Jacob ameipeleka Mbeya. Ile kompresa ya upepo Fahadi aliichukua kwa Asajile, nayo inajaza matairi stendi, foleni hadi barabarani. Baiskeli yangu inawekewa upepo bure.

Nimejifunza mengi katika wiki hizi. Nimetafakari sana. Sauti ya chini ni mali ya mwenyewe. Anayeishusha ana sababu yake, na wa nje hana ruhusa ya kuipandisha. Nimeyaandika haya ili nisiyasahau.

Leo mchana Esnath amekuja kutusalimia, ameleta mkungu wa ndizi kutoka kwa mzee. Yeye na Felista wako jikoni. Wanacheka. Kisha wananong'ona. Kisha wanacheka tena. Nimepita mlangoni mara kadhaa kutafuta kiberiti na kila mara wakanyamaza.

Haki ya mtu kujua anasemwaje nyumbani kwake ni jambo jingine kabisa.

Maikrofoni iko chini ya kapu la viazi. Waya umepita nyuma ya mlango. Nimekaa studio, hedifoni masikioni, kompresa hadi mwisho. Taa ya kijani imewaka. Felista ameshusha sauti. Inapanda, inapanda... imefika! Naandika neno kwa neno:

"Wifi, sema chini. Ameweka mdude wake kwenye viazi."

Sauti safi ajabu! Hata mvua haisikiki.